Siri ya mamilioni ya alama katika tovuti za maswali na majibu

KIJANA wa Sotik, Kaunti ya Bomet, anayejifunza kuunda programu za kompyuta hukwama mara nyingi, na kila anapokwama huandika tatizo lake kwenye intaneti akitumaini kwamba yupo mtu aliyekumbana nalo kabla yake. Aghalabu mtu huyo huwepo. Jibu huwa limeandikwa miaka kumi au zaidi iliyopita katika tovuti ya Stack Overflow, na chini yake pana jina la aliyelitoa pamoja na idadi ya alama alizojikusanyia.

Idadi hizo ndizo humshangaza mgeni. Wapo wenye alama 50,000, wengine 300,000, na wachache waliopita milioni 1. Mgeni mwenyewe anapojisajili huanza na alama 1.

Je, alama hizo hupatikana vipi? Wenye kuzimiliki hawalali? Au wamegundua ujanja ambao wengine hawaujui? Maswali haya yana uzito katika eneo kama Sotik, ambako vijana waliomaliza masomo hutafuta riziki mtandaoni, na ambako kila saa inayotumiwa mbele ya kompyuta, pamoja na kila shilingi ya bando, hutarajiwa kuleta faida.

Pengine jibu lake ni rahisi kueleweka katika nchi ya chai kuliko kwingineko. Mkulima wa Sotik anajua tofauti ya mahindi na majani chai. Mahindi hupandwa, huvunwa mara moja, kisha shamba hurudi kuwa tupu. Mmea wa chai hupandwa mara moja na kuchumwa kwa miaka hamsini au zaidi. Wenye alama nyingi katika tovuti za maswali na majibu ni wale waliopanda chai ilhali wengine walipanda mahindi.

Jinsi alama zinavyotolewa

Stack Overflow ilianzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, wataalamu wawili wa programu nchini Marekani. Kusudi lao lilikuwa kuwakutanisha wanaouliza na wanaojibu maswali kuhusu uundaji wa programu, bila malipo, na kuhakikisha kwamba jibu bora linaonekana juu ya mengine.

Ili kulitambua jibu bora, wasomaji walipewa haki ya kupiga kura. Kila kura ya kuunga mkono jibu humletea aliyeliandika alama 10. Kura ya kuunga mkono swali ilikuwa na thamani ya alama 5 hadi Novemba 2019, ilipopandishwa kuwa 10. Muulizaji naye huruhusiwa kuchagua jibu moja lililomfaa, na mwenye jibu hilo hupata alama 15 zaidi.

Kwa upande mwingine, anayepigiwa kura ya kupinga hupoteza alama 2. Anayepiga kura ya kupinga jibu hupoteza alama 1 yake mwenyewe, ili afikiri kwanza kabla ya kumwangusha mwenzake. Aidha, mwenye swali lililokosa jibu anaweza kutoa sehemu ya alama zake, kuanzia 50 hadi 500, ziwe zawadi kwa atakayelijibu.

Alama hizo si pambo. Kwa mujibu wa kanuni zilizotumika kwa miaka mingi, alama 15 zilimpa mtu haki ya kupiga kura ya kuunga mkono, 125 haki ya kupinga, 2,000 haki ya kurekebisha maandishi ya wengine bila kusubiri idhini, na 3,000 haki ya kupiga kura ili swali lisilofaa lifungwe. Mwenye 10,000 aliweza hata kuona yaliyofutwa. Kwa hiyo mwenye alama nyingi hufanana na mzee wa baraza: neno lake lina uzito kwa sababu jamii imemwona akitoa mawaidha yanayofaa mara nyingi.

Hata hivyo, waanzilishi waliweka kikomo. Hakuna awezaye kupata zaidi ya alama 200 kwa siku kutokana na kura, yaani kura 20 za majibu. Kura zinazozidi hapo huonekana kando ya jibu lakini hazimwongezei mwenyewe chochote. Zisizohesabiwa katika kikomo hicho ni alama 15 za jibu lililochaguliwa na muulizaji, pamoja na zile za zawadi. Siku ya tovuti huhesabiwa kwa saa za kimataifa, hivyo kwa mtu aliye Kenya siku mpya huanza saa tisa usiku.

Hesabu ya milioni moja

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Jon Skeet, Mwingereza ambaye ni mhandisi wa programu katika kampuni ya Google na mwandishi wa kitabu kinachoheshimiwa kuhusu lugha ya kompyuta ya C#. Alijiunga na Stack Overflow Septemba 2008, mwezi uleule tovuti ilipofunguliwa kwa umma. Januari 2018 akawa mtu wa kwanza kufikisha alama milioni 1.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna takriban siku 3,400. Milioni 1 ikigawanywa kwa siku hizo, wastani ni alama 294 hivi kila siku, zikiwemo Jumapili, sikukuu na siku za ugonjwa. Wastani huo unazidi kikomo cha alama 200.

Hesabu yenyewe inaeleza kilichotendeka. Hata kama Skeet angalifikia kikomo kila siku bila kukosa, kura zingalimletea alama 680,000 pekee. Zilizosalia, takriban 320,000, hazina budi kutoka nje ya kikomo. Zikigawanywa kwa 15, ni sawa na majibu zaidi ya 21,000 yaliyochaguliwa na waulizaji, ikiwa zawadi hazitahesabiwa.

Kwa jumla Skeet ameandika majibu zaidi ya 35,000. Mtu anayejibu maswali 10 kwa siku atahitaji karibu miaka kumi kufikia kiasi hicho. Hapa ndipo siri ya kwanza inapojitokeza: hakuna jibu moja wala mwezi mmoja wa bidii uliomfikisha alipo. Ni kazi ndogo iliyorudiwa kila siku, kama ya mchumaji ambaye kapu lake hujaa kwa majani mawili na chipukizi moja baada ya jingine.

Majibu yanayochumwa kila siku

Siri ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya alama haitoki katika kazi ya leo. Jibu lililoandikwa mwaka 2009 husomwa hadi leo na wanafunzi waliokuwa bado hawajaanza shule ya msingi lilipoandikwa. Kila linapomsaidia mmoja wao akalipigia kura, mwandishi wake hupata alama 10, awe yuko kazini, yuko safarini au amelala.

Tuseme mtu ana majibu 10,000 ya zamani, na kila moja linapata kura moja tu kwa mwaka mzima. Hiyo ni kura 10,000 kwa mwaka, au 27 kwa siku. Kwa kuwa kikomo ni kura 20, mtu huyo hukijaza bila kuandika neno jipya. Akiamka asubuhi na kujibu maswali mawili au matatu, na majibu hayo yakachaguliwa, alama za ziada huongezeka juu ya zile 200.

Mkulima mwenye miche elfu kumi ya majani chai haulizwi amepanda mingapi wiki hii. Mizani katika kituo cha kununulia chai hupima kile ambacho shamba lote limetoa, na miche mingi kati ya hiyo huenda ilipandwa na babake.

Si kila jibu hudumu hivyo. Majibu yanayochumwa kwa muda mrefu ni yale ya maswali ya msingi, ambayo kila anayeanza kazi hiyo hana budi kuyauliza. Swali moja la mwaka 2009 kuhusu jinsi ya kutengua mabadiliko ya mwisho katika programu ya Git limepata kura zaidi ya 25,000. Jibu moja la mwaka 2012, linaloeleza kwa nini kompyuta hushughulikia orodha iliyopangwa kwa kasi kuliko isiyopangwa, limepata zaidi ya 30,000. Kinyume chake, swali gumu linalohitaji siku mbili za utafiti huweza kuambulia kura mbili, kwa kuwa watu wawili tu duniani walilihitaji.

Hivyo basi, alama hazipimi ugumu wa kazi. Hupima ni watu wangapi walifaidika na jibu na wakakumbuka kupiga kura. Isitoshe, kwa sababu ya kikomo cha kila siku, jibu moja mashuhuri halimtajirishi mwenyewe kama watu wanavyodhani. Likisambaa na kupata kura 2,000 kwa siku moja, mwenye jibu hupata alama 200 tu. Shamba pana linalotoa kidogo kila siku hulishinda lile linalotoa sana siku moja.

Faida ya kutangulia

Siri ya tatu haihusiani na bidii. Mnamo 2008 na 2009 karibu kila swali la msingi lilikuwa bado halijaulizwa. Aliyekuwepo alijibu maswali ambayo baadaye yalisomwa na mamilioni. Aliyefika miaka mitano baadaye akauliza au kujibu swali lilelile aliambiwa kwamba limekwisha kujibiwa. Swali lake lilifungwa na wasomaji wakaelekezwa kwa lile la kwanza. Kanuni hiyo huzuia marudio, lakini pia hulinda mapato ya waliotangulia.

Hali ya Kenya wakati huo ni muhimu kukumbukwa. Tovuti ilipofunguliwa Septemba 2008, nchi ilikuwa ikitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na mataifa ya nje, huduma iliyokuwa ghali na ya kasi ndogo. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS, zinazofika nchi kavu Mombasa, zilianza kutoa huduma mwaka 2009. Kufikia wakati ambapo mtandao wa bei nafuu ulikuwa umepenya hadi miji midogo ya Bonde la Ufa na kuingia katika simu za mkononi, maswali yenye wasomaji wengi zaidi yalikuwa tayari na wenyewe.

Lugha nayo ilikuwa kizuizi. Stack Overflow huendeshwa kwa Kiingereza, na ingawa matoleo ya Kireno, Kijapani, Kirusi na Kihispania yalianzishwa baadaye, hapakuwa na la Kiswahili. Anayejibu huhitaji kueleza fundi fulani wa mbali jambo gumu kwa sentensi chache zilizo wazi, tena kwa haraka, na hilo humpa nafasi bora aliyezaliwa katika lugha hiyo.

Hata hivyo, kutangulia si kila kitu. Gordon Linoff, mwandishi wa vitabu vya uchanganuzi wa data, alijiunga miaka kadhaa baada ya Skeet naye pia akapita alama milioni 1. Alifanya hivyo kwa kujikita karibu kabisa katika somo moja, lugha ya hifadhidata iitwayo SQL, na kujibu makumi ya maelfu ya maswali kulihusu. Katika somo hilo kila muulizaji huja na majedwali yake, kwa hiyo maswali hufanana bila kuwa yaleyale, na mwenye kulijua vyema huweza kulijibu swali kwa dakika chache.

Mbio za dakika za kwanza

Mfumo huu umekuwa na lawama zake tangu mwanzo. Lawama ya kwanza ni kwamba huwazawadia wenye kasi. Swali jepesi linapotokea, watu kadhaa huanza kuandika kwa wakati mmoja. Jibu la kwanza ndilo husomwa kwanza, hupata kura ya kwanza, na kwa sababu lina kura, huwekwa juu na kupata nyingine.

Wazoefu waliitambua njia hiyo mapema. Huandika sentensi mbili sahihi, huzituma, kisha hurudi kuzipanua, kwa kuwa marekebisho yanayofanywa na mwandishi katika dakika tano za kwanza hayahesabiwi kuwa toleo jipya. Msomaji anayefika dakika ya sita hukuta jibu kamili na kudhani liliandikwa hivyo tangu mwanzo. Aliyetumia nusu saa kuandaa maelezo ya kina hukuta muulizaji amekwisha kuchagua na kuondoka.

Lawama ya pili ni kwamba mwenye nacho huongezewa. Idadi kubwa ya alama kando ya jina humfanya msomaji aliamini jibu hata kabla ya kulijaribu. Kwa mtu anayeanza na alama 1, jibu lililo sawa na la bingwa halipokewi kwa macho yaleyale.

Ujanja na adhabu yake

Palipo na hesabu hapakosi wanaotaka kuichezea. Wapo waliofungua akaunti kadhaa na kujipigia kura wenyewe, na wapo marafiki waliokubaliana kupigiana kura. Mitambo ya tovuti huchunguza mienendo hiyo kila siku. Mtu mmoja akimpigia mwingine kura nyingi mfululizo kwa muda mfupi, kura hizo hutenguliwa na alama zake kuondolewa.

Anayepatikana na hatia kubwa zaidi husimamishwa kwa muda. Katika kipindi hicho, alama zake huonyeshwa kuwa 1, hata kama alikuwa na laki tatu, hadi adhabu itakapokwisha. Kwa aliyetumia miaka kuzikusanya, adhabu hiyo ni ya aibu mbele ya wote.

Kwa sababu hizi, kijana anayeahidiwa mtandaoni kwamba atauziwa akaunti yenye alama nyingi, au kwamba atapandishiwa alama kwa ada, hana budi kuwa mwangalifu. Alama zilizopatikana kwa njia hiyo huweza kufutwa wakati wowote, na aliyelipa hana mahali pa kudai fedha zake.

Tovuti zilizotoweka

Si tovuti zote zilikuwa kali hivyo. Yahoo Answers, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilimkaribisha kila mgeni kwa alama 100. Kuuliza swali kulimgharimu alama 5, kujibu kulimpa 2, na jibu lake likiteuliwa kuwa bora alipata 10. Ngazi ya juu kabisa, ya saba, ilihitaji alama 25,000.

Tofauti yake na Stack Overflow ni kubwa. Huku jibu lisilomfaa mtu yeyote halina thamani. Kule kila jibu lilikuwa na alama 2, liwe la maana au la kipuzi. Matokeo yake ni kwamba njia ya mkato ya kupanda ngazi ilikuwa kuandika mistari mifupi kwa wingi. Walipanda mahindi, na walivuna siku ileile.

Mnamo Mei 4, 2021, Yahoo Answers ilifungwa. Alama zote, ngazi zote na majibu ya miaka 16 yaliondolewa machoni pa umma.

Afrika Mashariki ilikuwa na majaribio yake. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilianzisha huduma ya maswali na majibu kwa ajili ya bara la Afrika na kuipa jina la Kiswahili, Baraza. Washiriki walipewa alama kwa kushiriki, kama ilivyokuwa kwingineko. Huduma hiyo nayo haipo tena.

Jaribio lililokaribia zaidi maisha ya wakulima lilikuwa WeFarm, lililoanza kutoa huduma nchini Kenya mwaka 2015 chini ya Kenny Ewan, likiwa limetokana na shirika lililohusiana na kampuni ya kahawa na chai ya Cafédirect. Mkulima mwenye simu ya kawaida, asiye na intaneti, aliweza kuuliza swali kwa ujumbe mfupi bila malipo, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kompyuta ililisoma swali na kulipeleka kwa wakulima wengine walioonekana kuwa na ujuzi wa jambo hilo, nao wakalijibu kwa ujumbe. Kufikia 2019 huduma hiyo ilikuwa imesajili takriban wakulima milioni 1.9 nchini Kenya, Uganda na Tanzania, kabla ya kusitishwa baadaye.

Kwa eneo la Sotik, ambako boma moja huweza kuwa na robo ekari ya majani chai na ng'ombe wawili wa maziwa, mfumo wa aina hiyo ulionyesha jambo moja muhimu. Ujuzi unaohitajika na wengi hauko katika kompyuta pekee. Aliyewahi kumtibu ndama wake anao, na aliyeona kuvu kwenye mboga zake akaushinda anao pia.

Nani huvuna?

Swali linalobaki ni lile ambalo mkulima wa chai huliuliza kila mwaka bonasi inapokaribia: kilichochumwa kimemfaidi nani?

Mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA hulipwa kwa kilo kila mwezi, kisha hupata malipo ya pili ya mwaka, yaani bonasi. Wakulima hao ndio wenye hisa za viwanda. Wanaweza kulalamika kwamba bonasi ni ndogo, na mara nyingi hulalamika, lakini wana haki ya kuuliza.

Mwenye alama katika tovuti hana haki hiyo. Stack Overflow haimlipi anayejibu. Mnamo Juni 2021 ilitangazwa kwamba kampuni hiyo ingenunuliwa na Prosus ya Uholanzi kwa dola za Marekani bilioni 1.8. Thamani hiyo kwa sehemu kubwa ilitokana na majibu yaliyoandikwa na watu wa kujitolea, lakini alama hazikuwa hisa, na hakuna aliyelipwa kwa kuwa nazo.

Manufaa waliyoyapata ni ya aina nyingine. Kwa miaka mingi waajiri katika sekta ya teknolojia walitazama majibu ya mtu kama ushahidi wa ujuzi wake, na tovuti yenyewe ilikuwa na ukurasa wa nafasi za kazi hadi ilipoufunga Machi 2022.

Kisha yakaja mabadiliko ambayo wakazi wa Kericho na Bomet wanayatambua kwa urahisi. Mwishoni mwa Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilizindua ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu maswali kwa sekunde chache. Siku chache baadaye, Desemba 2022, Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyoandikwa na programu hiyo, kwa kuwa yalimiminika kwa wingi huku mengi yakionekana sahihi ilhali yalikuwa na makosa. Tangu hapo idadi ya maswali mapya katika tovuti imeshuka sana, kwani wengi waliokuwa wakiuliza watu sasa huuliza mashine.

Mnamo Mei 2024 Stack Overflow ilitangaza ushirikiano na OpenAI, ili maarifa yaliyokusanywa katika tovuti yatumike kuboresha programu hizo. Baadhi ya waandishi wa zamani walikasirika na kujaribu kufuta au kuharibu majibu yao. Majibu yalirejeshwa na baadhi yao wakasimamishwa, kwa kuwa kila anayeandika humo hukubali tangu mwanzo kwamba maandishi yake yanaweza kutumiwa na wengine chini ya leseni ya Creative Commons, mradi mwandishi atajwe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 2023, waandamanaji katika Kaunti ya Kericho waliteketeza mashine za kuchuma majani chai wakisema zimewanyang'anya vijana kazi. Matukio haya mawili hayalingani kwa kila hali, lakini swali ndani yake ni moja: mashine inapochukua nafasi ya mikono iliyojenga mali, wenye mikono hiyo hubaki na nini?

Funzo kwa anayeanza

Kwa kijana wa Sotik, basi, kutamani alama milioni 1 ni kutamani shamba lililogawanywa mwaka 2008. Hata akijaza kikomo cha alama 200 kila siku kuanzia kesho, atahitaji zaidi ya miaka 13, katika tovuti ambayo wageni wake wanapungua.

Hata hivyo, njia waliyopitia wenye alama nyingi bado ina mafunzo. La kwanza ni kuchagua somo dogo na kulijua vizuri kuliko wengine. Safaricom ilipozindua Daraja mwaka 2017, mfumo unaowawezesha waundaji wa programu kuziunganisha na M-Pesa, maswali mapya yalizuka ambayo bingwa wa London au New York hakuwa na sababu ya kuyajua. Mkenya aliyeunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa kwa mikono yake alikuwa na cha kujibu.

La pili ni kuandika jibu linaloweza kudumu: kueleza sababu, kutoa mfano mfupi, na kurudi kulirekebisha mambo yanapobadilika. La tatu ni kuweka nakala ya kazi yake mahali anapopamiliki, kwa kuwa waliotegemea Yahoo Answers waliamka siku moja wakakuta hakuna kitu.

La nne, na huenda ndilo kubwa zaidi, ni kujua tofauti ya alama na ujuzi. Aliyejibu maswali elfu moja ya wengine amelazimika kuelewa matatizo elfu moja, mengi yakiwa hajawahi kukumbana nayo. Tovuti inaweza kufungwa, kuuzwa au kukabidhiwa mashine, na alama zikaenda nayo. Kile alichojifunza alipokuwa akizitafuta hubaki kwake, na ndicho mwajiri atakachokipima siku atakapomketisha mbele ya kompyuta na kumpa tatizo lisilo na jibu mtandaoni.